Ruzuku ya Pembejeo na Mkulima wa Singida: Nani Anamruzuku Nani?

Sisi wakufunzi wa siasa tunayo desturi moja ambayo imefika wakati tuikosoe hadharani. Tunapokwenda vijijini kueleza sera ya kilimo, tunaieleza ruzuku kwa hesabu ya mifuko na mabilioni. Tunataja fungu lililotengwa, bei ilikotoka na ilikofika, na idadi ya wakulima walioandikishwa. Kisha tunauliza kama kuna swali. Kukiwa kimya, tunaandika katika taarifa kwamba wananchi wameelewa na wameipongeza Serikali.

Hivyo ndivyo nilivyofanya katika semina moja ya viongozi wa mashina na matawi, upande wa Ikungi mkoani Singida. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari langu, mama mmoja mtu mzima akainua mkono. Akasema: “Mwalimu, hayo ya mbolea umeyaeleza, tumeyasikia. Sasa nisaidie na haya yangu. Mwaka ambao hamkutuletea chochote alizeti niliuza vizuri, nikaezeka nyumba. Mkaja mkatuletea mbegu ya ruzuku, na mwaka wa pili wake gunia niliuza kwa bei ya kutupa, na mabati ya jiko sijayanunua mpaka leo. Hapo ni nani aliyekuwa akimruzuku mwenzake?” Mzee mmoja aliyekaa nyuma akadakia: “Anayeruzuku ni Mungu, mwanangu. Hawa wengine wanakopesha.” Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa kicheko kile kilinipa nafasi ya kutojibu.

Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Nayaandika kwa makada wenzangu na kwa wanafunzi, kwa sababu naamini swali la yule mama limeigusa kasoro ya msingi katika namna tunavyoifikiri ruzuku, si katika Singida tu.

Mzee yule alikuwa akicheza na maneno, lakini lugha ilikuwa upande wake. Ruzuku na riziki ni maneno ya ukoo mmoja, na katika Kiswahili cha wazee anayeruzuku ni Mwenyezi Mungu, ambaye hutoa bila kudai. Labda ndiyo maana neno hili linapotamkwa jukwaani husikika kama zawadi. Lakini katika uchumi wa siasa hakuna fungu lisilo na mlipaji. Ruzuku ni fedha ya umma inayolipwa ili mtu fulani auziwe kitu kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Kwa hiyo anayetaka kuihakiki hana budi kuifuata ile shilingi safari yake yote: imetoka kwa nani, imepitia mikononi mwa nani, na mwisho wa msimu imebaki mfukoni mwa nani. Kuishia kwenye mlango wa ghala la wakala, mahali mfuko unapokabidhiwa na picha kupigwa, ni kuihakiki nusu ya safari.

Mbolea rahisi, bei rahisi

Tuanze na historia, kwa kuwa swali la mama yule si jipya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya wazi kwamba mikopo inayojenga miji hulipwa kwa jasho la mkulima, na kwamba tusipojihadhari watu wa mjini wanaweza kuwa ndio wanyonyaji wa watu wa shamba. Miaka mitano baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Mwaka huo huo kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza uzalishaji. Baada ya ukame na njaa ya 1973 na 1974 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, ukaja mpango wa taifa wa mahindi pamoja na mbegu na mbolea zake za bei nafuu, na ikaja bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Bei hiyo moja nayo ilikuwa ruzuku, ingawa haikuitwa hivyo: ilimlipia mkulima wa Rukwa au Ruvuma gharama ya barabara ndefu mpaka Dar es Salaam.

Kada anayesoma orodha hiyo leo anaweza kudhani kwamba muongo ule ulikuwa wa neema kwa mkulima. Mchumi Frank Ellis alizichunguza bei za mazao za miaka hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1982. Alionyesha kwamba thamani halisi ya kile mkulima alichokipokea ilikuwa ikipungua katika muongo mzima. Mashirika ya mazao yalikuwa yakijikatia sehemu kubwa kabla mkulima hajalipwa, na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kupiga kelele, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976 na havikurudishwa kisheria mpaka 1982. Yaani mkono mmoja ulikuwa ukimpunguzia mkulima bei ya mfuko wa mbolea, na mkono wa pili ukimpunguzia bei ya gunia la mazao. Mwongozo wa CCM wa mwaka 1981 uliyakiri mengi ya makosa ya muongo ule, na kukiri huko kunatupa sisi wa leo kibali cha kuendelea kuhoji.

Kisha ukaja upande wa pili wa kosa. Baada ya 1986, kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, tuliambiwa kwamba ruzuku yenyewe ndiyo ugonjwa. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hatua kwa hatua tangu mwanzo wa miaka ya 1990 mpaka ikafutwa kabisa katikati ya muongo huo. Kiwanda cha Tanga kilikuwa kimekwisha kufungwa mwaka 1991. Soko likaachiwa lijiendeshe. Likajiendesha kuelekea kwenye lami, na mkulima wa ndani akabaki na jembe lake na ng'ombe wake. Mwaka 2003 Serikali ilirudi kwa tahadhari, ikaanza kulipia gharama ya kusafirisha mbolea kwenda mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Singida haikuwamo.

Vocha na kamati

Tangu msimu wa 2008/09 likaja jambo kubwa zaidi, yaani vocha za pembejeo. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbegu na mbolea za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga, ikalipa nusu ya bei, na nusu ya pili ikalipwa na Serikali, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Waliolengwa ni wakulima wadogo, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kutangulizwa. Aliyechagua majina hayo ni kamati ya vocha ya kijiji.

Kwa maandishi, mpango ule ulikuwa mzuri. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vocha za mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliingia katika kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa, na kwamba hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na katika vijiji ambavyo tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho ilikuwa kubwa. Makada tusiipitie takwimu hii haraka haraka. Viongozi wa kijiji ni watu wetu. Ni hao hao tunaowaita kwenye semina, ndio wanaokaa mstari wa mbele na kupiga makofi. Tena kulikuwa na kosa lililojificha ndani ya sharti la nusu ya bei: kaya isiyokuwa na nusu hiyo mkononi ilipokea karatasi ambayo haikuweza kuitumia, na wapo waliouza vocha zao kwa fedha kidogo kwa yule aliyeweza kuitumia. Maskini akaweka dole gumba, tajiri akabeba mfuko.

Dawa iliyotafutwa baadaye ilikuwa kumpita kiongozi wa kijiji. Tarehe 8 Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku ya mbolea. Ulitengewa shilingi bilioni 150 na kusimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Mkulima anaandikishwa pamoja na ukubwa wa shamba lake, anapewa namba kupitia simu, anakwenda kwa wakala na kununua kwa bei iliyopunguzwa. Kamati haipo, karatasi haipo. Ni haki kusema kwamba mpango huu ulikuja katika wakati mgumu na kwamba uliokoa msimu wa watu wengi. Mbolea ilikuwa imepanda dunia nzima tangu 2021, na vita ya Ukraine ya Februari 2022 ikaongeza moto. Mfuko wa kilo 50 wa urea, ambao bei yake sokoni ilikuwa imepita shilingi 120,000, ukauzwa shilingi 70,000.

Sasa tufanye hesabu ambayo katika semina zetu hatuifanyi. Tuchukue kwamba hisa ya Serikali katika kila mfuko ni shilingi 50,000. Mkulima wa Mbozi au Songea mwenye ekari nyingi za mahindi akinunua mifuko 100, amepokea kutoka katika hazina ya umma shilingi 5,000,000. Jirani yake wa ekari moja akinunua mifuko miwili, amepokea shilingi 100,000. Mkulima wa Ikungi au Mkalama asiyenunua hata mfuko mmoja amepokea sifuri, na kodi ya sabuni na kiberiti amelipa kama wenzake. Hakuna aliyeiba hapo. Hata kama kila namba ni ya kweli na kila wakala ni mwaminifu, matokeo ni hayo, kwa sababu ruzuku inayolipwa kwa mfuko humfuata mwenye mifuko.

Wala hili si la Tanzania peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, ambako malipo kwa wakulima yanafuata zaidi hekta, kiasi cha asilimia 80 ya malipo ya moja kwa moja huenda kwa asilimia 20 ya wanaolipwa. Wanafunzi wetu wanapoambiwa kwamba ruzuku ni siasa ya kumpendelea mnyonge, waonyeshwe tarakimu hizo kwanza.

Samadi haina risiti

Kwa nini mkulima wa Singida hanunui? Mara nyingi tunajibu kwamba hajaelimika. Jibu hilo ni la kivivu na lina harufu ya bwana shamba wa kikoloni.

Singida ni nchi ya mvua chache. Katika sehemu kubwa ya mkoa kwa mwaka hunyesha kati ya milimita 500 na 800, na zinanyesha kwa mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, tena huweza kukata katikati kwa wiki kadhaa wakati mmea uko magotini. Mfuko wa urea ukimwagwa katika ardhi ya kichanga mvua ikakata, mkulima amezika shilingi 70,000. Yule wa Mbeya anacheza na mvua anayoijua. Wa Singida akikopa kununua mbolea anacheza kamari, na anayekataa kucheza kamari kwa chakula cha watoto wake ana elimu ya kutosha.

Badala yake anatumia samadi. Harold Schneider, aliyeandika kitabu The Wahi Wanyaturu mwaka 1970, alieleza jinsi ng'ombe, nafaka na samadi vinavyofungamana katika uchumi wa Wanyaturu. Mwenye ng'ombe anapata samadi, mwenye samadi anapata uwele na mtama, na mwenye nafaka ya ziada anaweza kuongeza ng'ombe. Kilimo hiki kina ujuzi wa vizazi. Kina utabaka wake pia, kwa kuwa asiye na zizi hana kiunga chenye rutuba, nasi tusikipambe kupita kiasi. Hata hivyo ndicho kilichobeba rutuba ya ardhi ile. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipowakusanya watu pamoja, katika maeneo mengi ya nchi iliwatenga na viunga vyao vilivyokuwa vimelishwa samadi kwa miaka mingi. Hilo nalo ni letu kulikiri.

Leo samadi hiyo ingeweza kurudishwa shambani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Lakini mkokoteni haumo katika orodha ya pembejeo zenye ruzuku ya mfuko. Samadi haina wakala wala risiti, haipimwi kwa kilo 50, kwa hiyo mfumo hauioni. Serikali inamlipia mkulima kitu kilichotoka nje kwa meli na haimlipii chochote kwa kile kilichomo zizini mwake. Mtu akisema hii ni sera ya kujitegemea, aulizwe anajitegemea nani.

Alizeti

Hapa ndipo penye kiini cha swali la mama yule.

Zao la fedha la Singida ni alizeti. Anayesafiri kwa barabara ya Dodoma kwenda Singida huyaona madumu ya mafuta yamepangwa kando ya njia, na vinu vidogo vya kukamulia kila penye umeme. Mbegu iliyozoeleka ni ile ya Record, ambayo mkulima huihifadhi mwenyewe kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na mavuno yake ni madogo. Taifa kwa upande wake linazalisha chini ya nusu ya mafuta ya kula linayoyahitaji. Kwa hiyo lilikuwa jambo la busara Serikali ilipoamua mwaka 2021, kwa kampeni iliyozinduliwa Singida na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kuifanya mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kuwa ya mfano kwa alizeti. Mbegu za ruzuku zikagawiwa kupitia Wakala wa Mbegu za Kilimo. Maafisa ugani wakahimizwa, wakuu wa wilaya wakahimiza, nasi makada tukahimiza. Watu wakaongeza ekari.

Wakati huo huo vita ile ile iliyopandisha mbolea ilipandisha na mafuta. Ukraine na Urusi ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, na mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilizuia kwa wiki kadhaa mafuta ya mawese kutoka nje ya nchi yake. Dar es Salaam, Mwanza na Arusha mafuta yakawa ghali na malalamiko yakawa makubwa. Hatua ilikuwa lazima ichukuliwe, na ikachukuliwa: ushuru wa mafuta yanayotoka nje, ambao mwaka 2018 ulikuwa umepandishwa hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, ukalegezwa mwaka 2022. Bei ya dunia nayo ikaanza kushuka. Mafuta ya nje yakaingia kwa wingi. Mkulima wa Singida alipovuna mwaka 2023, katika ekari zile alizoziongeza kwa kuhimizwa na sisi, bei ya alizeti ilikuwa imeanguka. Kilio kikafika bungeni na ushuru ukapandishwa tena katika bajeti ya 2023. Lakini aliyekuwa na ada ya shule ya kulipa alikuwa amekwisha kuuza.

Tuweke hesabu ya mfano. Mkulima ana ekari 3 za alizeti na anavuna magunia 5 kwa ekari, jumla magunia 15. Mbegu anayoihitaji ni kiasi cha kilo 2 kwa ekari, yaani kilo 6. Hata tukisema kwamba alipewa mbegu hiyo bure kabisa, na kwamba kilo moja sokoni ni shilingi 10,000, ruzuku yake yote ni shilingi 60,000. Bei ya gunia ikishuka kwa shilingi 20,000 tu, amepoteza shilingi 300,000. Na anguko la mwaka 2023 lilipita hapo. Kwa kila shilingi moja aliyopewa mkononi mwezi Desemba, shilingi tano ziliondoka mwezi Juni.

Ziliondoka kwenda wapi? Sehemu ilikwenda kwa mwagizaji wa mafuta, sehemu kwa mlanguzi aliyenunua kwa lumbesa, na sehemu, tusifiche, ilikwenda katika kikaango cha mfanyakazi wa mjini, ambaye mshahara wake haukuwa umeongezeka kama bei zilivyoongezeka. Sasa jibu la mama yule linaonekana. Mwaka ule yeye ndiye aliyekuwa akituruzuku. Mimi pia nilikaangia mafuta hayo.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Mfanyakazi na mkulima ni washirika, na chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kumwacha mmoja ale chakula kikavu ili mwingine apate bei. Sawa. Lakini ushirika una masharti yake, na la kwanza ni kwamba mshirika ajulishwe kabla hajatoa mchango wake. Kwa mbolea iliyopanda kwa sababu ya vita, Serikali ililipa tofauti kutoka hazina, maana yake taifa zima lilichanga. Kwa mafuta yaliyopanda kwa sababu ya vita hiyo hiyo, tofauti haikulipwa kutoka hazina. Ilikatwa katika bei ya gunia la mkulima wa mikoa ya ukame. Mzigo wa kwanza ulikuwa wa wote, wa pili ukawa wa mmoja. Na aliyebebeshwa wa pili ndiye yule yule ambaye mbolea ya ruzuku haikuwa imemfikia.

Kalenda mbili

Jambo ambalo hatulifundishi kabisa ni la kalenda. Mkulima wa Singida anaamua ekari zake Novemba. Anapanda Desemba au Januari. Anavuna Mei na Juni. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukubaliana viwango vya ushuru kabla ya bajeti, bajeti husomwa Juni, na viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Yaani bei ya jasho la mkulima huamuliwa magunia yakiwa tayari uani. Mwagizaji wa mafuta anayo mawasiliano na anaweza kuahirisha meli. Mkulima hawezi kuirudisha alizeti ardhini.

Kwa hiyo ninapopendekeza jambo la kufanya, silianzi na kuongeza mabilioni. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikwisha kupanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na kupanda huko ni ushindi mkubwa. Ninachodai ni kwamba mahali popote ambapo Serikali inagawa mbegu ya ruzuku na kuwahimiza watu kuongeza ekari za zao linaloshindana na bidhaa ya nje, kiwango cha ushuru wa bidhaa hiyo kitangazwe kabla ya kupanda na kisiguswe mpaka mavuno yauzwe. Ikiwa dharura italazimisha kiguswe, basi hazina ilipe tofauti kwa mkulima aliyeandikishwa, kwa njia ya simu ile ile tunayomuuzia mbolea. Daftari lipo, namba ipo. Kama mfumo unaweza kujua kwamba fulani wa kijiji fulani ana ekari tatu ili anunue mbolea, unaweza kujua pia ili afidiwe.

Daftari hilo lakini lina tatizo lake, nalo linaturudisha kijijini. Ekari zinazoandikwa ni zile mtu alizozitaja. Wapo waliotaja kumi wakiwa na mbili, na mwenye namba kubwa akapata haki ya mifuko mingi. Zamani, kamati ya vocha ilipoiba, angalau iliiba mbele ya macho ya watu waliowajua wana kamati na mashamba yao. Sasa jina linakwenda Dodoma na kurudi likiwa namba, na jirani hana mahali pa kusema kwamba shamba hilo halipo. Tulimwondoa mwizi, na katika kumwondoa tukaondoa na kikao. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa pale kijijini, lakini tangu msimu wa 2022/23 sijaona hata mmoja, katika vijiji nilivyozunguka, ambao daftari la ruzuku lilisomwa kwa sauti, jina kwa jina na ekari kwa ekari, watu wakaruhusiwa kusahihisha. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mtambo. Inahitaji mwenyekiti wa kijiji asiyeogopa, na kada wa tawi atakayekaa mpaka jina la mwisho, likiwamo la kwake.

Niliahidi kurudi, na nilirudi Desemba iliyofuata, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha. Nilimkuta yule mama shambani na wajukuu wawili na jozi ya maksai. Nikamweleza hesabu hii kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza, akauliza kama nimeiandika mahali ambapo wakubwa wanasoma, nikasema naiandika. Kisha nikamuuliza amepanda ekari ngapi za alizeti mwaka huu. Akasema moja, ya Record, mbegu yake mwenyewe aliyoichagua kwenye vichwa vikubwa. Nyingine zote ameweka mtama.